Mdogo Agonge Kwanza

Marahaba, wanangu. Naitikia kabla hamjaniamkia, kwa sababu najijua: mkianza kunipa shikamoo mmoja mmoja nitasahau nililotaka kusema.

Deo ndiye aliyeniomba. Ni mtoto wa dada yangu, nanyi mnamjua kwa sababu ndiye anayewasimamia hapo Usagara mnapojenga maduka. Alitaka nije nizungumze nanyi wakati wa chakula cha mchana. Nikamwambia kusimama mbele ya watu siwezi, afadhali niandike. Kuandika nako sikujui sana, niliishia darasa la saba. Lakini jioni huwa naandika mistari michache ya siku ilivyokwenda, naandika mwenyewe na kusoma mwenyewe, kwa hiyo kalamu hainitishi kama macho ya watu. Mkiona nimekosea mahali, rukeni, endeleeni mbele.

Nianze na jambo nililoliona hapohapo kwenu. Siku ile nimekuja kumsalimia Deo, nilikaa kwenye rundo la tofali nikamwona fundi mmoja kashika mwiko mkono huu na simu mkono huu, anaikodolea simu macho. Nikadhani amepata habari ya msiba. Nikamuuliza kuna nini nyumbani. Akanijibu kwa adabu kwamba hakuna kitu, amemtumia bosi picha ya tofali aliloweka na anasubiri tiki za bluu ndipo aweke jingine. Bosi ni Deo, na Deo alikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo, anakagua picha za mwenzake. Saruji kwenye karai ikawa inakauka.

Tulicheka wote, na Deo alicheka. Akaniambia, "Mjomba, ukiwaacha wanaharibu." Ni kweli, mtu akiachwa huharibu. Lakini nilipofika nyumbani Pasiansi kicheko kilikuwa kimekwisha, nikawa nafikiria watu wawili walioniongoza mimi. Sitaki kumsema Deo mbele ya watu wake. Amesoma haya kabla yenu na ameniruhusu niyaache kama yalivyo.

Mimi kazi yangu ilikuwa mawe. Kabla ya ukuta, kabla ya msingi, sisi ndio tulioitwa. Mnaijua milima yetu hapa mjini: mtu ananunua kiwanja, anakuta nusu yake ni jiwe kubwa kuliko nyumba anayotaka kujenga. Baruti huwezi kuipiga katikati ya watu, na mashine hazipandi huko, njia zenyewe ni za mbuzi. Kwa hiyo tulitumia moto. Unapanga kuni kavu juu ya jiwe au ubavuni, pale unapotaka liachie, unawasha, unaulisha moto taratibu mpaka jiwe linavimba. Jiwe huvimba, msicheke. Linaachana tabaka kwa tabaka kama kitunguu, halafu mnaingia na nyundo na mtaimbo. Likiwa kaidi unalimwagia maji lingali la moto, lakini maji ni neno la mwisho. Ukishayamwaga, jiwe linapasuka linavyotaka lenyewe. Na likikaribia kuachia hutoa mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjwa chumba cha pili. Ukisikia hivyo, ondoa miguu yako.

Siku hizi wanatoboa matundu, wanatia unga fulani uliokorogwa na maji, wanakwenda kulala, asubuhi jiwe limepasuka kimya. Ni kazi safi. Sina ubaya nayo, ila haina hadithi.

Aliyenifundisha ni Fundi Mabula, mtu mfupi, mpana wa mabega, asiyejua haraka. Kikosi chake kilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Kila asubuhi, kabla kuni hazijapangwa, tulipiga hodi. Yaani kila mtu alichukua nyundo ndogo akalizunguka jiwe, akaligonga, akasikiliza, halafu akasema alichosikia: hapa lina sauti nzima, hapa linalia kama debe, hapa limeficha ufa. Na aliyetangulia kugonga na kusema alikuwa mdogo kuliko wote. Akafuata anayemzidi, na hivyo hivyo, mpaka mwisho Mabula mwenyewe. Siku moja nilimuuliza kwa nini yeye mkubwa aseme mwisho.

"Nikisema mimi kwanza," akanijibu, "mtasikia kwa masikio yangu."

Mara ya kwanza aliponiachia nichague mahali pa moto, nilisema uwekwe upande wa mashariki. Sababu sikuwa nayo, nilitaka tu kuonekana nina jibu. Akasema haya, weka. Tulichoma kuni asubuhi nzima. Jiwe likawa jeusi kama sufuria ya msibani na likabaki zima. Wenzangu wakaniita Bwana Masizi, na jina likanikaa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mabula akaja, akatazama, akaniuliza jiwe limeniambia nini. Nikasema halijasema kitu.

"Limesema," akasema. "Limesema hapana. Sasa liulize pengine."

Halafu akarudi kwenye muhogo wake wa kuchoma. Angeweza kunionyesha kwa kidole, nami ningesahau kufikia jioni. Badala yake nilizunguka lile jiwe kama mwizi anayetafuta mlango, mpaka nikapata.

Lakini nisiwauzie Mabula kama malaika. Alikuwa mzito, na wateja wengine walimkimbia. Na kuna jambo la Lukasi. Lukasi alikuwa rika langu, mtu wa Nansio, mwenye maneno mengi kuliko kuni tulizochoma. Mabula alijua vibanzi vya jiwe huruka, ila aliamini kila mtu atajifunza mwenyewe kuvikwepa. Kimoja kikamwingia Lukasi jichoni. Alipona, lakini mpaka leo jicho hilo linatoa machozi upepo wa ziwa ukivuma. Kuna mambo ya kumuuliza mtu na kuna mambo ya kumwamuru. Mabula hakuyatenganisha, naye alilijua hilo, kwa sababu tangu siku ile alikuwa akimwita Lukasi "mwanangu" hata walipogombana.

Mgongo ulipomshinda Mabula, kikosi kilichukuliwa na Bwana Fideli. Huyu alisomea ufundi chuoni. Siku ya kwanza alikuja na miwani ya kazi, glavu na kofia ngumu, akasema asiyevaa arudi kwao. Hakuna aliyeumia jicho tena katika wakati wake. Hilo liandikwe kwanza, kabla ya mengine.

Mengine ni haya. Hodi ilikwisha. Aligonga yeye peke yake, akachora alama za chaki: moto hapa, Bujiku asimame hapa (Bujiku ndiye mimi), Lukasi hapa, nyundo ipigwe hapa. Ukiinua nyundo alikuwa nyuma yako. Ukiipiga visivyo alikushika mkono nyundo ikiwa ndani yake, kama mwalimu wa chekechea anayemfundisha mtoto herufi. Kuni tulizipanga sisi, halafu akazipangua akazipanga tena. Lukasi alikuwa akisema, akiwa mbali, "Leo nimepiga chafya bila kibali. Msimwambie."

Sasa niwaambie jambo ambalo wanaolalamikia mabosi wa namna hii hawalisemi. Mimi mwanzoni nilipenda. Ukiamriwa kila kitu, lawama si yako. Jiwe likikataa, limekataa chaki ya bosi. Unaoga, unakula, unalala usingizi mzito. Ilichukua muda kuona kwamba nilikuwa napotewa na kitu. Asubuhi moja nilisikia jiwe linalia kama debe palepale chaki iliposema tupige. Nikamtazama Lukasi, naye alikuwa amesikia. Hakuna aliyefungua kinywa. Tukapiga, likapasuka vibaya, mtaimbo ukakunjika kama kijiko. Bwana Fideli akatuuliza kwa nini tulinyamaza, nasi tulikuwa hapo. Lukasi akamjibu kwamba alama ilituambia tusimame, tukasimama.

Nilimuuliza Bwana Fideli siku moja tukiwa wawili, kwa upole, kwa nini haketi hata kidogo. Hakukasirika. Akanieleza kwamba kazini kwake kwa zamani aliwahi kuwaachia watu ukuta akaenda kufuata saruji, na aliporudi ukuta ulikuwa umelala juu ya mguu wa mmoja wao. Akasema tangu hapo akiwapa watu kisogo anausikia ule ukuta. Baada ya hapo sikuweza kumcheka kama Lukasi alivyomcheka.

Ndipo likaja jiwe la Mama Kulwa.

Mama Kulwa alikuwa mwalimu aliyestaafu, kiwanja chake kilikuwa mlimani upande wa Igogo, na jiwe lilikaa juu yake kama kuku anayeatamia. Chini yake, mteremkoni, palikuwa na nyumba ya Mzee Ramadhani, fundi cherehani, ambaye hata baba yake aliishi hapo. Hali ilikuwa hivyo tu, mtoto angeielewa: tukilipasua vizuri tunalishusha vipande vipande kwa nyuma, tukilipasua vibaya linakwenda mbele, na mbele ni nyumba ya Mzee Ramadhani. Kuliacha nako hakukufaa. Vuli lilikuwa linakaribia, na udongo ulioshikilia jiwe ulikuwa umeanza kuliwa na maji tangu masika yaliyopita. Mzee Ramadhani alikubali familia yake ihamie kwa jirani ng'ambo ya njia siku za moto, na cherehani wakaibeba. Nyumba haibebeki. Alinishika mkono akaniambia, "Bujiku, mimi nikikosea nafumua nashona upya. Ninyi mkikosea?"

Bwana Fideli alianza kwa kujengesha kizuizi cha mifuko ya mchanga kati ya jiwe na nyumba. Tuliipanga, akaitazama, akatupangisha upya. Tulipanga tena, akaja na pima maji, akaweka juu ya mifuko, mifuko ya mchanga jamani, akatupangisha upya mara nyingine. Lukasi akauliza kama mifuko itapigwa na plasta. Tukacheka hadi chini.

Kabla moto haujawashwa hata mara moja, homa ikamshika Bwana Fideli, akalazwa. Mke wake akatuletea maneno: Bujiku asimamie, mawingu hayasubiri, mifuko isiguswe.

Wanangu, nilitamani niwe mimi ndiye mwenye homa. Mkononi sikuwa na chaki. Nikajiambia nitafanya kama Mabula. Nikawakusanya, nikampa nyundo ndogo Shija, aliyekuwa mdogo wetu, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, mpole, ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo. Akagonga. Nikamuuliza amesikia nini. Akasema liko vizuri. Akafuata mwingine, akasema liko vizuri. Wote wakasema liko vizuri. Nikamwambia Shija aniambie moto tuuweke wapi.

"Wewe sema tu, kaka," akasema. "Sisi tupo."

Nikawaambia sijui, ndiyo maana nauliza. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu waliniangalia kwa mashaka. Walidhani ni mtego. Kwa Bwana Fideli, mtu akitoa wazo na likaenda vibaya, ni lake. Akinyamaza na likaenda vibaya, ni la chaki. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamejifunza vizuri tu kile walichofundishwa, na mwanafunzi mmojawapo nilikuwa mimi.

Nikisema nililofanya baadaye lilikuwa hekima nitakuwa nawadanganya. Nilishindwa, ndiyo kweli. Nikaiweka nyundo juu ya jiwe, nikawaambia nashuka kwa Mzee Ramadhani kunywa chai, na nikirudi nataka kuona kuni zimepangwa. Mahali gani sikusema kwa sababu sikuwa napajua. Nilikunywa chai, nikanywa nyingine. Mzee Ramadhani aliniuliza mbona huko mlimani kimya hivi. Mama Kulwa akapita, akasema enzi zake mwalimu akiondoka darasani ujue kuna kelele.

Na kelele zikaanza. Nilizisikia kutoka chini. Nilipopanda niliwakuta Lukasi na Shija wamesimama uso kwa uso. Lukasi alikuwa amepanga kuni ubavuni, upande wa chini, pale ambapo hata Bwana Fideli angechora chaki. Shija alikuwa anazitoa.

"Hapa linalia, kaka Lukasi. Limeoza ndani. Ukiwasha hapa linakwenda kwa mzee."

"Mbona asubuhi ulisema liko vizuri?"

"Asubuhi nilikuwa naulizwa."

Lukasi akanigeukia niamue. Nami nilitaka sana kuamua, ulimi ulikuwa tayari. Nikamuuliza Shija angeuweka wapi. Akasema juu, nyuma, moto mdogo wa siku nyingi, maji yasiguse kabisa. Nikamuuliza Lukasi anaonaje. Akachukua nyundo, akaenda akagonga pale chini kwa muda mrefu, akiwa ameinamisha jicho lake la machozi. Akarudi, akasema huyu mtoto ana masikio. Nami nikagonga, mwisho. Ndipo nikasema tuwashe juu.

Tuliuwasha moto ule kidogo kidogo, kila siku asubuhi, na kila siku tulipiga hodi kabla. Watu wakaanza kusema, na wakaanza kubishana, na kusema kweli kazi ikawa na makelele kama soko la samaki. Kuna wazo la Lukasi lililotupotezea siku nzima. Kuna siku niliona aibu nikajiuliza Bwana Fideli angetuona angesema nini. Lakini jiwe likawa linaachia kwa nyuma, tabaka baada ya tabaka, tukiyateremsha mapande kwa kamba na mitaimbo, na nyumba ya Mzee Ramadhani ikiwa imesimama chini yetu.

Halafu siku moja, moto ukiwa bado unawaka, tukasikia kile kijiti kinavunjika. Hakikuvunjikia nyuma. Kipande kama mlango kikaachia ubavuni, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyepataja, si Shija, si Lukasi, si mimi. Kikateleza mteremko mzima. Niliona bati la Mzee Ramadhani, kisha sikuliona kwa vumbi. Vumbi lilipotulia, kipande kilikuwa kimeegemea mifuko ya mchanga. Mstari wa chini ulikuwa umepasuka, wa juu ulikuwa haujasogea. Ile iliyopimwa kwa pima maji. Lukasi alivua kofia.

Ndiyo maana, wanangu, mkinikuta nasita kusema nani alikuwa kiongozi bora, msidhani nazeeka. Masikio ya Shija yaliiokoa nyumba ile, na ukaidi wa Bwana Fideli uliiokoa pia. Najua tu kwamba mifuko haikuweza kusikia, na Shija asingesema kama mwenye chaki angekuwepo.

Bwana Fideli alirudi akiwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Jiwe lilibaki robo. Alikitazama kipande kwenye mifuko, akautazama moto ulipowekwa, akauliza nani aliamua moto uwe juu. Nilijua ni swali la kumfukuzisha mtu, nikafungua mdomo niseme mimi, kwa kuwa msimamizi nilikuwa mimi. Shija akanitangulia. Mwenye mtoto mchanga, na akanitangulia.

"Mimi, mkuu. Chini palikuwa pameoza."

Bwana Fideli akachukua nyundo ndogo, akashuka, akagonga pale chini. Akagonga tena. Alikaa amechutama hapo, nasi tumesimama. Aliporudi akamuuliza Shija kilichobaki kishushwe vipi. Shija akaanza kueleza. Bwana Fideli aliinua mkono kumkatiza, nilimwona kabisa, halafu akaushusha. Akasema, "Haya. Mimi nitashona mifuko iliyopasuka."

Siku ya mwisho ya jiwe lile Shija alisimama juu, akituambia nani aingie na mtaimbo na nani asubiri. Bwana Fideli alikuwa pembeni, mikono nyuma, mkono mmoja umeubana mwingine kwenye kifundo mpaka mishipa imetoka. Kila mmoja wetu alipoinua nyundo, mabega yake yaliinuka kidogo. Mzee Ramadhani alikuwa amekuja kuangalia akiwa ng'ambo ya njia. Akamtazama, akamtazama, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Bwana Fideli," akaita, "umefungwa pingu?"

"Nimejifunga mwenyewe, mzee," akajibu bila kugeuka. "Nikijifungua kidogo tu nitamnyang'anya mtu nyundo."

Akabaki hivyo hivyo, jasho linamtiririka kivulini, mpaka pande la mwisho likashuka.